Maji Yanakwenda Wapi?



Juma hili nataka tukae chini ya lori. Najua baadhi yenu mtashangaa, maana katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya shamba, afya ya watoto na masomo. Lakini wengi wenu mnaishi kwa lori, hata kama hamna lori. Mama anayeanika chisense mchangani kando ya Ziwa Mweru anangoja lori. Mwanafunzi anayengoja madaftari kutoka Lubumbashi, naye pia anangoja lori. Toka Kilwa mpaka Lubumbashi ni safari ya kilomita zipatazo 350, na injini ikifa njiani, samaki hawangoji.

Lori ninalotaka kuwasimulia ni la mjomba wangu. Injini yake ilikuwa imechoka, ikivuta moshi mweusi na kupanda vilima kwa kuugua. Mjomba aliuza mitumbwi miwili, akanunua vipuri, akamwita fundi kijana wa hapa kwetu aifungue injini yote na kuijenga upya. Kazi ilipokwisha, injini iliwaka mara moja, sauti yake nzuri kama cherehani mpya. Watu walipiga makofi. Lakini safari ya kwanza ilipofika Lubumbashi, rejeta ilikuwa imepungukiwa na maji, kadiri ya lita moja na nusu. Safari ya pili, vivyo hivyo. Chini ya lori hapakuwa na tone hata moja.

Fundi kijana alisema, “Mjomba, injini ikinywa maji, ni gasketi ya kichwa.” Kichwa cha injini ndicho mafundi wa Katanga, wakifuata Kifaransa, hukiita kulasi, na gasketi ni lile bamba jembamba lililo kati ya kichwa na mwili wa injini. Basi akafungua, akaweka gasketi mpya, akamwaga mafuta ya zamani na kutia mengine. Maji yakaendelea kupotea. Akafungua mara ya pili, gasketi nyingine, mafuta mengine. Maji yakaendelea kupotea. Fedha ya mtumbwi wa pili ikaisha. Mjomba akakasirika, akasema kijana huyu ni mwizi, ameweka vipuri vya kale na kuuza vile vipya, naye atampeleka kwa polisi siku ya Jumatatu.

Kijana yule ana mke na mtoto mchanga, na jina la fundi ni shamba lake: likiharibika, hana pengine pa kuvuna. Kwa upande mwingine mjomba naye alikuwa na haki ya kuuliza: mali yangu imekwenda wapi? Ndipo mama yangu mdogo aliposema neno la busara. “Kabla ya kuuliza fedha imekwenda wapi, ulizeni maji yanakwenda wapi.” Tukamwita mzee mmoja aliyefanya kazi ya injini tangu ujana wake, ambaye sasa amestaafu na macho yake yamepungua nguvu. Kwa sababu hiyo alitaka mtu wa kumsomea vipimo na kuviandika. Nikaenda na daftari.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya maji. Ndani ya silinda mafuta yanaungua kwa joto linalopita digrii 1,500. Chuma peke yake hakiwezi kustahimili. Kwa hiyo mwili wa injini una mifereji ndani yake. Pampu husukuma maji yapite humo, yabebe joto mpaka kwenye rejeta, na huko upepo huyapoza. Kifuniko cha rejeta nacho si kifuniko tu kama cha sufuria. Kina springi inayozuia mvuke usitoke mpaka shindo lifike kiasi fulani, nacho kimeandikwa juu yake. Kilwa iko mita zipatazo 920 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya chungu huchemka kwenye digrii 97 hivi. Lubumbashi, penye mita zipatazo 1,230, huchemka kwenye digrii 96. Lakini katika rejeta yenye kifuniko cha bari 0.7, maji yaweza kufika digrii 113 hivi hapa Kilwa bila kuchemka. Ndiyo sababu kufungua kifuniko wakati injini ina moto ni hatari kubwa: shindo likiondoka ghafula, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Wanafunzi, liandikeni jambo hili mioyoni. Ngojeni mpaka mpira wa rejeta uwe baridi mkononi.

Mzee alipofika, hakushika spana. Aliomba kiti, akaanza kuuliza maswali kama daktari.

“Asubuhi, injini ikiwa baridi, ukiiwasha, je, moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi kwa muda mrefu?”

Kijana akajibu, “Hapana, Baba.”

“Ukitazama ndani ya rejeta wakati inanguruma, mapovu hupanda?”

“Hapana.”

“Mipira ya maji huwa migumu mara tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto?”

“Hapana, Baba. Ni laini.”

“Basi, mwanangu, mbona ulibadili gasketi?”

Kijana aliinamisha kichwa. Mzee akatueleza bila kumfedhehesha. Gasketi ya kichwa ikipasuka kati ya silinda na njia ya maji, moto wa silinda huingia katika maji, na hapo ndipo mapovu hupanda na mipira hukakamaa. Au maji huingia silindani, yakatoka kama moshi mweupe wenye harufu. Dalili hizo zote hazikuwapo. Gasketi yaweza kuvuja kwa njia nyingine pia, lakini haifai kumfungua mgonjwa tumbo kwa sababu tu wagonjwa wengi huumwa tumbo.

“Maji yana milango mitatu tu ya kutokea,” akasema. “Nje, yakaanguka chini. Silindani, yakatoka kwa ekzosi. Au katika mafuta. Mlango wa nne haupo.”

Tukaanza na mlango wa kwanza. Wengi huuruka kwa kuwa hawakuona tone chini ya lori, lakini tone laweza kukauka juu ya chuma cha moto kabla halijafika chini. Huacha alama nyeupe au ya kutu. Tukatazama mipira yote na vikazo vyake, mishono ya rejeta, bomba dogo la kumwagia maji, vizibo vya duara vilivyo ubavuni mwa injini, na kile kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho si kasoro: kimewekwa makusudi, ili sili ya pampu ikichoka, maji yatoke hapo na kukupa habari. Usikizibe kamwe. Vyote vilikuwa vikavu.

Kisha mzee akamgeukia mjomba. “Mwenye mali, injini yako inakula mafuta?”

Mjomba akajibu kwa majivuno kidogo, “Hata! Katika hilo sina malalamiko. Kijiti cha kupimia huonyesha mafuta yanaongezeka.”

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. “Ndugu yangu, umewahi kuona ng'ombe anayenona bila kula majani?”

Hapo sote tukaelewa, na mjomba akanyamaza. Mafuta ya injini hayazaliani. Yakizidi, kuna kitu kimeingia ndani yake: ama dizeli, ama maji.

Lori lilikuwa limelala pale tangu jana yake, na mzee alikuwa ameagiza lisiguswe. Sasa mtaona kwa nini. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakipewa usiku mzima wa utulivu, sehemu yake huteremka mpaka chini ya bakuli la mafuta, ambalo wengine huliita karteri. Kijana akalegeza kizibo cha chini polepole, bila kukitoa kabisa. Tone la kwanza halikuwa jeusi. Lilikuwa maji, yakafuatwa na uji wa rangi ya kijivu, kisha mafuta. Hakuna chombo cha thamani kilichotumika, ila subira ya usiku mmoja.

Mlango umejulikana. Lakini nyumba ni kubwa, na maji yaweza kuingia katika mafuta kwa njia kadhaa: kwa gasketi, kwa ufa katika chuma, kwa kile kifaa cha kupoza mafuta ambamo maji na mafuta hupita jirani, au kwa chini ya shemizi. Neno hili shemizi tumelipata kwa Kifaransa, na maana yake ni shati. Katika injini nyingi kubwa za malori silinda si tundu lililochongwa tu katika mwili wa injini. Ni bomba la chuma linaloingizwa humo, na maji hulizunguka pande zote. Chini yake huvikwa pete za mpira zinazozuia maji yasishuke katika mafuta. Injini ikijengwa upya, mara nyingi shemizi hubadilishwa na pete zake pia.

Tukafungua bakuli la mafuta kutoka chini. Mzee alikuwa na pampu ndogo ya mkono yenye saa ya shindo, inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Tukajaza maji, injini ikiwa baridi, na kijana akapampu mpaka bari 0.7, sawa na ilivyoandikwa kwenye kifuniko, wala si zaidi. Ukizidisha utapasua rejeta nzima ukitafuta tundu dogo. Nikaandika katika daftari: saa tatu na dakika tano, 0.7. Tukatandaza karatasi nyeupe chini, nikaziandika namba 1 mpaka 6 kwa kufuata silinda. Saa tatu na robo: 0.5. Na juu ya karatasi namba 4, alama ya unyevu kama sarafu.

Kijana alitaka kuruka kwa furaha, lakini mzee alimzuia. “Tone huanguka linapopenda, si lazima pale lilipozaliwa. Laweza kutembea juu ya krenki. Lala chini na tochi, ufuate mpaka juu.” Kijana akalala chali. Akakaa kimya muda mrefu. “Baba, naona. Linatoka kati ya shemizi ya nne na mwili wa injini. Ndani ya shemizi ni pakavu.”

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko yale ya kwanza. Kama maji yangalishuka kwa ndani, yakipita ubavuni mwa pistoni, tungalishtaki gasketi, au kichwa, au ufa katika shemizi. Kwa kuwa yalishuka kwa nje ya shemizi, mshtakiwa ni pete za mpira au kikalio chake. Kifaa cha kupoza mafuta nacho kilitazamwa, kikaonekana kikavu. Basi gasketi mbili zilibadilishwa bure, zote mbili hazina hatia.

Tukamwaga maji, kichwa kikafunguliwa mara ya tatu, pistoni ya nne ikatolewa, shemizi ikavutwa juu. Pete ya juu ilikuwa nzima. Pete ya chini ilikuwa imenyolewa upande mmoja, kama ganda la ndizi lililokatwa na kisu. Mzee akaingiza kidole katika kikalio cha shemizi, mle ndani ya mwili wa injini, akakizungusha taratibu, kisha akachukua mkono wa mjomba na kumwambia, “Papasa.” Kulikuwa na kutu kavu, ngumu kama jiwe, yenye ukingo mkali. Shemizi ilipokuwa ikishuka, kutu ile iliikata pete.

Hapo palikuwa na ukimya. Kijana akasema kwa sauti ndogo: “Siku ile nilisikia kitu kama kinashika, shemizi ikiwa karibu kufika. Nikasukuma kwa nguvu. Sikusema. Na kikalio sikukisafisha vizuri. Kosa ni langu.”

Mimi nilitazamia mjomba atapasuka kwa hasira. Lakini alikuwa bado ameshika ukingo wa injini. Akasema, “Uliniomba siku mbili za kusafisha chuma. Nilikukatalia. Nilikuambia samaki wataoza na wewe unataka kula fedha yangu kwa kukaa.” Kweli, nilikumbuka maneno hayo, nilikuwapo siku ile, nami sikusema kitu.

Kazi iliyofuata ilichukua siku tatu, na safari hii hakuna aliyeihesabu. Mzee aliagiza shemizi zote sita zitolewe, wala si ya nne tu, kwa maana mkono ulikuwa mmoja, siku ilikuwa moja, na kutu ni ile ile. Pete ya shemizi ya pili nayo ilikutwa imejeruhiwa, ingawa haijaanza kuvuja. Ingalivuja baada ya mwezi. Vikalio vikasuguliwa kwa msasa laini, vikaoshwa, vikakaushwa, vikapapaswa kwa kidole kila upande. Pete mpya zikapakwa kilainishi kilichotajwa na mtengenezaji. Jambo hili si dogo: kuna mpira unaopenda mafuta, na kuna mpira unaovimba na kuoza kwa mafuta, ambao hutaka sabuni tu. Kitabu cha injini ndicho hakimu. Kila pete ikatazamwa isijipinde katika mfereji wake. Shemizi zikateremshwa wima, kwa nguvu ya taratibu, bila nyundo.

Kisha mzee akapima kadiri ukingo wa juu wa kila shemizi unavyosimama juu ya uso wa injini. Kipimo hicho ni sehemu ndogo sana za milimita. Ukingo ukiwa chini mno gasketi haikazwi vema, na zikitofautiana mno kichwa hakikai sawa. Bolti za kichwa zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kupima nguvu. Beringi za krenki zikafunuliwa na kutazamwa, kwa maana mafuta yaliyochanganyika na maji hayalainishi, na chuma kikisuguana na chuma huungua. Kwa rehema zilikuwa na mikwaruzo midogo tu. Safari mbili zaidi, alisema mzee, na mngalizika krenki katika njia ya Kasomeno.

Kabla ya kufunga bakuli la mafuta tukapampu tena: bari 0.7. Niliandika saa nne kamili. Saa tano kamili mshale ulikuwa pale pale, na karatasi zangu sita zilikuwa nyeupe. Ndipo bakuli likafungwa, kichujio kipya na mafuta mapya vikatiwa, na maji yakamiminwa polepole huku hewa ikitolewa, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani huleta joto la uongo.

Neno moja juu ya maji yenyewe. Wengi huchota ziwani au mtoni na kujaza. Maji hayo huleta udongo na chumvi, na chumvi hujenga ganda jeupe linalozuia joto. Kutu iliyotuumiza ilizaliwa na desturi hiyo. Tena shemizi hutetemeka injini ikifanya kazi, na mtetemo huo huzaa mapovu madogo sana ambayo, yakipasuka, huchimba chuma kidogo kidogo mpaka kutoboka. Dawa ya kupozea inayouzwa madukani, ikichanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, huzuia kutu na huzuia kuchimbwa huko. Lakini wazazi mwe macho: dawa hiyo mara nyingi ina ladha tamu, nayo ni sumu. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala kumwagwa mahali ambapo watoto, mbwa au kuku hupita. Na wale wanaotia yai, pilipili au unga wa kuziba katika rejeta, wajue kwamba wanaziba hata njia za maji zilizo nzima.

Lori sasa limekwenda Lubumbashi na kurudi mara nne, milima ya Kundelungu ikiwa upande wa kuume kwenda na upande wa kushoto kurudi. Kila asubuhi mjomba hutazama kijiti cha mafuta, naye hufurahi akiona hayajaongezeka. Fundi kijana hakupelekwa kwa polisi. Gharama waligawana: mjomba alilipa vipuri, kijana alitoa kazi yake bure. Mzee hakutaka malipo ila samaki wawili, na akamwomba kijana aje kwake kila Jumamosi, awe macho yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa usioujua ulipo utauzibaje? Kwanza keti, uulize, ungoje usiku mmoja. Na ukisikia kitu kinashika chini ya mkono wako, usisukume. Sema.

Mpaka juma lijalo.